Mwalimu Mmoja na Watoto Mamia

Twaijua taabu ya mwalimu aliye peke yake mbele ya watoto wengi. Taabu hii ni ya zamani. Mwaka wa 1798 Joseph Lancaster alifungua shule ya watoto maskini huko London, nao wakawa mamia. Fedha ya kuajiri walimu hakuwa nayo. Basi aliwafunza kwanza wanafunzi wakubwa, kisha kila mmoja akafundisha kikundi chake kusoma, na kuandika kwa kidole juu ya mchanga uliotandazwa mezani, desturi iliyotoka Bara Hindi. Gharama ilipungua, lakini wengi walikariri wasifahamu, kwani mtoto hawezi kufundisha asichokijua. Kwa hiyo tangu 1846 Serikali ya Uingereza iliwalipa wanafunzi-walimu, wakajifunza kazi miaka 5. Nasi tukiwa na wasaidizi, tuwafunze masomo ya juma lijalo kabla hawajawafunza wenzao.