Udhibiti wa Homa ya Mafua Vyuoni: Mfano wa Bukoto, Kampala

Homa ya mafua husababishwa na virusi vya influenza, ambavyo huenea kwa matone ya chafya na kikohozi, kwa chembe ndogo zaidi zinazoelea katika hewa iliyofungwa, na kwa mikono. Dalili hujitokeza siku 1 hadi 4 baada ya maambukizi. Mgonjwa huanza kuambukiza wengine takriban siku moja kabla ya kujihisi vibaya, kisha huendelea kwa siku 5 hadi 7. Kwa hiyo ukaguzi wa joto la mwili langoni huwanasa wachache tu, tena wakiwa wamechelewa.

Uganda haina majira ya baridi yanayotangaza msimu wa mafua. Virusi huzunguka mwaka mzima na huelekea kushamiri nyakati za mvua. Mvua za Kampala, za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba, huangukia katikati ya mihula ya masomo, wakati ambapo kumbi za mihadhara zimejaa na madirisha yamefungwa.

Bukoto huonyesha kwa nini chuo hakiwezi kujilinda kwa ukuta wake. Mtaa huu uko kati ya Chuo Kikuu cha Makerere, kilichoko kilimani upande wa magharibi, na Chuo Kikuu cha Kyambogo upande wa mashariki, huku Chuo cha Biashara cha Makerere kikiwa Nakawa, si mbali. Mwanafunzi anayepanga chumba na wenzake mitaa ya huku hulala, hupika na hula nao, kisha hupanda matatu ya abiria 14 ambayo vioo vyake hupandishwa mara tone la kwanza linapodondoka. Mwezi Juni 2020, baada ya zuio la korona, matatu ziliporuhusiwa kurudi barabarani zikibeba nusu ya abiria, serikali ilikuwa imekiri kwamba hewa ya ndani ya gari ni suala la afya. Ukiri huo haukudumu.

Janga la korona lilifunga vyuo vya Uganda Machi 2020, na tena Juni 2021 hadi Novemba mwaka huo. Kufunga chuo ni dawa kali mno kwa mafua ya kila muhula. Kilichobaki machoni pa wengi baada ya janga ni ndoo zenye bomba na sabuni. Zina faida, kwani sabuni huvunja utando wa mafuta unaovizunguka virusi vya mafua, lakini hazisafishi hewa. Ukumbi uliofunguliwa madirisha ya pande mbili, hata mvua ikinyesha, hufanya kazi ambayo ndoo haiwezi.

Hatua yenye uzito zaidi ni ya kiutawala, wala haihitaji fedha nyingi. Palipo na mahudhurio ya lazima na majaribio yasiyorudiwa, mwanafunzi mwenye homa atakuja darasani, maana kubaki kitandani kunamgharimu alama. Kumlaumu kwa uzembe ni kumwonea. Kanuni inayomruhusu kukosa siku chache na kufanya jaribio baadaye, bila kumlazimisha kupanga foleni zahanati akisaka cheti, ingepunguza maambukizi kuliko bango lolote.

Upo pia mkanganyiko wa malaria. Homa, maumivu ya kichwa na uchovu huwa katika magonjwa yote mawili, na wengi hukimbilia duka la dawa kununua dawa za malaria au antibiotiki bila kipimo. Antibiotiki haziui virusi. Kipimo cha haraka cha malaria kinapaswa kutangulia, na mwenye pumu, selimundu au ujauzito apelekwe mapema kwa daktari, kwa sababu dawa za kupambana na virusi hufaa zaidi zikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze.

Chanjo hutengenezwa upya kila mwaka kufuata mabadiliko ya virusi, lakini haimo katika ratiba ya kawaida ya chanjo za taifa Uganda. Kwa bajeti ndogo, chuo kianze na wahudumu wa zahanati yake na wanafunzi wenye maradhi sugu. Kwa wengine wote, kinga iliyo karibu ni dirisha lililo wazi na ruhusa ya kubaki nyumbani, na yote mawili yamo katika mamlaka ya chuo chenyewe.