Kufua Chandarua katika Bonde la Kilombero: Sheria ya Usafi na Sheria ya Dawa

Bonde la Kilombero, katika mkoa wa Morogoro, ni nchi ya maji. Mto Kilombero hupokea mito na vijito vingi vishukavyo kutoka milima ya Udzungwa upande mmoja na nyanda za juu za Mahenge upande wa pili, na wakati wa masika maji hufurika na kuifunika nchi tambarare iliyo kati yake. Wenyeji wa bonde hilo, yaani Wandamba, Wambunga, Wapogoro, Wabena na wengine waliohamia baadaye, huishi kwa mpunga na samaki. Na maji yaleyale yanayowapa chakula ndiyo yanayozalisha mbu. Kwa hiyo habari za ufuaji katika nchi hii si habari za usafi peke yake. Kwa muda wa miaka mingi zimefungamana na habari za homa, na hasa na uhai wa watoto wadogo.

Yafaa kwanza kuyatazama maneno yenyewe, maana lugha huhifadhi desturi ambazo watu wenyewe wamekwisha zisahau. Kitenzi "fua" asili yake si kutakasa bali ni kupiga. Mfua chuma hupiga chuma, mfua fedha hupiga fedha, na mwenye kufua nazi huikita nazi juu ya kifuo mpaka makumbi yatoke. Mwenye kufua nguo naye alikuwa akiipiga nguo juu ya jiwe mtoni mpaka uchafu uachane na uzi. Vyombo na mwili huoshwa, nguo hufuliwa. Walakini Waswahili walikuwa pia na neno la tatu, "kuchachaga", maana yake kufua nguo polepole bila kuipiga, kama ilivyopasa kwa nguo laini au iliyochakaa. Neno hilo sasa halisikiki sana, lakini msomaji ataona hapa chini ya kuwa ndilo hasa lililotakiwa siku wataalamu wa afya walipokuja na sheria zao.

Chandarua nacho kina historia yake. Neno lenyewe limetoka Bara Hindi, na maana yake ya kwanza ni kitambaa kinachotandazwa juu kama dari. Kabla ya chandarua kuenea, watu waliosafiri kwa vyombo pwani walijua kulala ndani ya fumba, yaani mkeka ulioshonwa mfano wa mfuko. Baadaye chandarua cha kitambaa kiliingia katika nyumba za wenye uwezo, kisha kikaenea, hata katika vijiji vya bondeni kikawa si kitu kigeni. Katika vijiji 18 vya wilaya za Kilombero na Ulanga vilivyochunguzwa mwishoni mwa miaka ya 1990, asilimia 58 ya watoto wa chini ya miaka miwili walikuwa tayari na vyandarua mwanzoni mwa uchunguzi. Lakini waliokuwa na vyandarua vyenye dawa walikuwa asilimia 10 tu. Hesabu hiyo ina maana kubwa. Yaonyesha kwamba chandarua kilitangulia dawa. Kiliingia nyumbani kikiwa nguo miongoni mwa nguo, pamoja na shuka na kanga, na kikafuata sheria ya nguo: kikichafuka, kifuliwe.

Na kuchafuka, kilichafuka upesi. Katika nyumba ya udongo iliyoezekwa kwa nyasi, ambamo moto wa kuni huwaka karibu na kitanda, masizi hupanda na kukishika kitambaa. Vumbi la kiangazi huingia kwa madirisha yasiyo na vioo. Na mtoto mchanga hulala humo pamoja na mama yake, na mkojo wake ni sehemu ya maisha. Aidha chandarua hakifichiki. Mgeni akiingia chumbani hukiona kabla ya kuona kitu kingine, na mama mwenye nyumba huhukumiwa kwacho. Kufua, basi, kulikuwa jambo la heshima. Tena wakati wa kilimo, familia nyingi huhamia mashambani kwa miezi kadhaa, wakakaa katika vibanda na madungu ili kuulinda mpunga na ndege na nguruwe, na chandarua huenda nao, kikatundikwa mahali pasipo ukuta wa kutosha, kikarudi nyumbani kikiwa na tope na moshi.

Wakati huohuo elimu ya maradhi ilikuwa ikikua palepale Ifakara. Profesa Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, alifika huko mwaka 1949, mahali ambapo mapadre Wakapuchini walikuwa na misheni na hospitali, na mwaka 1957 maabara ya Taasisi ya Uswisi ya Maradhi ya Nchi za Joto ikafunguliwa. Mwaka 1961 kikafuata chuo cha kuwafundisha waganga wasaidizi. Maabara hiyo baadaye ilikabidhiwa kwa Watanzania, nayo leo yajulikana kama Taasisi ya Afya Ifakara. Uchunguzi uliofanywa katika kijiji cha Namawala mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba mtu mmoja aliweza kuumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka, karibu kila usiku mara moja. Mtoto aliyezaliwa katika hali hiyo hakuwa na nafasi ya kuepuka homa; swali lilikuwa kama ataishi au hataishi.

Ndipo mwaka 1996 ulipoanzishwa mradi ulioitwa KINET, wa kueneza vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga kama zilivyokuwa wakati huo. Vyandarua havikugawiwa bure, bali viliuzwa kwa bei nafuu kwa mikono ya wenye maduka, viongozi wa vijiji na wa dini, na wahudumu wa afya. Chandarua na dawa yake viliuzwa kwa jina moja la Kiswahili lililoeleweka na kila mtu: Zuia Mbu. Dawa ilikuwa ya jamii ileile ya viuadudu ambayo asili yake ni ua la pareto, ijapokuwa hutengenezwa viwandani. Mwenye chandarua aliyeyusha dawa katika maji, akakichovya chandarua, akakianika. Na baada ya hapo mbu aliyekigusa alikufa au alikimbia.

Hapo ndipo sheria mbili zilipokutana. Sheria ya nguo ilisema: kikichafuka, kifuliwe. Sheria ya dawa ilisema: kikifuliwa, dawa hutoka. Dawa ya kuchovya hushika juu ya uzi tu, na kwa kawaida huhesabiwa kwamba kufua mara tatu kwa sabuni, au kupita kwa mwaka mmoja, kwatosha kuimaliza nguvu. Baada ya hapo chandarua hakina budi kutiwa dawa upya. Jua kali huiharibu dawa. Na magadi au majivu, ambayo wazee walitumia kabla ya sabuni ya dukani kupatikana, huivunja pia kwa ukali wake. Kwa hiyo wataalamu walitoa maagizo: chandarua kifuliwe kwa nadra, kwa maji baridi na sabuni ya kawaida, kisipigwe juu ya jiwe wala kusuguliwa kwa nguvu, kianikwe kivulini, na maji yaliyofulia yasimwagwe mtoni wala kisimani, bali yamwagwe chooni au katika shimo mbali na maji.

Ni agizo lipi lililofuatwa, na lipi lililopuuzwa? Wachunguzi waliozuru nyumba za bonde hilo baada ya mradi kuenea walipata jibu ambalo wengi hawakulitazamia. Watu hawakukitesa chandarua. Walikifua kwa upole, kwa sabuni na maji baridi, kama agizo lilivyotaka, na jambo hilo si la ajabu: kitambaa cha matundu huchanika upesi, na mwenye mali ya kununua kwa fedha yake hahitaji kuambiwa asikichane. Maana ya kale ya kuchachaga ilikuwa ingali hai katika mikono, hata kama neno lenyewe lilikuwa limepotea. Bali walikifua mara nyingi, mara 4 hadi 7 kwa mwaka. Agizo la upole lilipatana na desturi, likafuatwa. Agizo la nadra lilipingana na desturi, likaachwa. Na lile la tatu, la kutia dawa upya baada ya kufua, ndilo lililokuwa gumu kuliko yote, kwa kuwa lilitaka fedha, na lilitaka zitolewe kwa kitu ambacho jicho halioni. Chandarua kilichotoka kufuliwa kilionekana kizuri kuliko jana. Hakuna alama iliyomwonyesha mama kwamba kimekuwa dhaifu.

Si haki, kwa hiyo, kusema kwamba akina mama wa Kilombero walikuwa wajinga au wakaidi. Kwa miaka mingi walimu wa shule, wamisionari na maafisa wa afya waliwafundisha ya kuwa uchafu ni chanzo cha maradhi na kwamba afya yaanzia katika usafi wa nyumba. Walipofua chandarua walikuwa wakilitii somo hilo la kwanza. Somo la pili, lililokuja na dawa, liliwaambia kwamba usafi uliozidi waweza kumwacha mtoto bila kinga. Kazi ya kupatanisha masomo hayo mawili waliachiwa wao wenyewe, pamoja na ndoo na sabuni.

Agizo kuhusu mto lilikuwa na uzito wake. Dawa za jamii ya pareto humdhuru mtu kidogo tu zikitumiwa kwa kadiri, lakini huua samaki kwa kipimo kidogo sana. Bonde la Kilombero, ambalo mwaka 2002 liliandikwa miongoni mwa ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, lina uvuvi unaolisha maelfu ya watu, na Wandamba tangu zamani hujulikana kuwa wavuvi hodari. Walakini mtoni ndiko kwenye maji mengi na ndiko wanawake wanakokutana. Kumwambia mtu achote maji, ayapandishe nyumbani, afue ndani ya beseni, kisha ayamwage shimoni, ni kumwongezea safari na mzigo. Agizo hili lilikuwa la haki kwa samaki, lakini gharama yake ilibebwa kichwani na mwanamke.

Pamoja na upungufu huo wote, faida ilionekana. Katika vijiji vile 18, watoto wadogo wenye vyandarua vyenye dawa waliongezeka kutoka asilimia 10 hadi 61, na vyandarua hivyo vilipunguza vimelea vya malaria kwa asilimia 62 na upungufu wa damu kwa asilimia 63. Habari zilizochapishwa mwaka 2001 zilionyesha kwamba nafasi ya kuishi ya watoto wa mwezi 1 hadi miaka 4 waliotumia vyandarua vyenye dawa iliongezeka kwa asilimia 27. Ijapokuwa hadi mwaka 1999 ni asilimia 18 tu ya watoto wa chini ya miaka mitano katika wilaya zote mbili waliokuwa navyo, ilikadiriwa kwamba kifo 1 katika kila 20 vya watoto kilikuwa kimezuiliwa. Basi kila chandarua kilichopoteza dawa ndani ya beseni kilipunguza sehemu ya faida hiyo.

Hatimaye wenye elimu walitambua jambo moja la hekima: ikiwa desturi haibadiliki, yafaa kubadili kitambaa. Vilitengenezwa vyandarua ambavyo dawa yake imo ndani ya uzi au imegandishwa juu yake kwa namna ya kudumu, na Shirika la Afya Duniani likaweka kipimo kwamba chandarua cha namna hiyo kistahimili kufuliwa mara 20 na kutumika kwa miaka 3. Tangu mwaka 2003 vyandarua hivyo vilitengenezwa Arusha. Mwaka 2004 serikali ilianza mpango wa Hati Punguzo kwa akina mama wajawazito, na kati ya miaka 2008 na 2011 mamilioni ya vyandarua vya kudumu yaligawiwa bure nchini. Agizo la kutia dawa upya, ambalo wengi walishindwa kulitimiza, likaondolewa katika shughuli za nyumbani na kuhamishiwa kiwandani.

Hata hivyo maagizo hayakwisha. Mwenye kupewa chandarua kipya huambiwa akitundike kivulini kwa muda wa saa 24 kabla ya kukilalia, asikifue zaidi ya mara moja katika miezi mitatu, na asikianike juani. Tena uchunguzi uliofanywa na Taasisi ya Ifakara katika sehemu mbalimbali za nchi umeonyesha kwamba vyandarua vingi huchakaa kabla ya kutimiza miaka 3; si dawa inayotangulia kwisha, bali kitambaa. Na katika bonde lenyewe, mbu aina ya Anopheles funestus, ambaye ndiye mwenye kueneza sehemu kubwa ya malaria, amejifunza kustahimili dawa za jamii ya pareto, hata vyandarua vyenye dawa mbili vikaanza kutafutwa. Kwa hiyo kitambaa kizima, kisicho na tundu, kimerudia kuwa na thamani kama zamani kabla ya dawa. Mikono inayokifua kwa upole inalinda kitu ambacho kiwanda hakiwezi kukilinda.

Historia hii fupi yaonyesha kwamba sheria mpya haiingii katika nyumba iliyo tupu. Huikuta sheria nyingine imekaa, yenye sababu zake na heshima yake. Wale waliotaka kuwasaidia watu wa Kilombero walifaulu zaidi pale walipojua namna watu hao walivyokuwa wakifua tangu zamani, na walishindwa pale walipodhani kwamba agizo lililochapishwa juu ya pakiti latosha kumfundisha mtu kazi aliyoijua tangu utoto wake.