Manjano ya Nyanya na Hataza ya Marekani

Mwezi wa Ramadhan ni vigumu jioni ipite bila wewe kukutana na manjano. Yamo kwenye viazi karai, yamo kwenye mchuzi, yamo hata kwenye maziwa ya moto anayopewa mwenye kikohozi. Na ukijikata kisu ukiandaa futari, nyanya hakuulizi mara mbili, anachota unga wa manjano anakubandika. Wahindi wamefanya hivyo karne nyingi. Waarabu huyaita kurkum, na ni kutoka neno hilo wataalamu wa Ulaya walipata jina la Kilatini, Curcuma.

Sasa hebu sikia. Machi 1995, ofisi ya hataza ya Marekani ilikipa Chuo Kikuu cha Mississippi hataza nambari 5,401,504. Hataza ni haki ya kisheria ya kumzuia mwengine asitumie uvumbuzi wako bila idhini yako. Na uvumbuzi wenyewe ulikuwa upi? Kutumia manjano kuponya jeraha! Ati jambo jipya.

Baraza la utafiti wa sayansi la India, CSIR, likiongozwa na Dkt. R. A. Mashelkar, lilipinga mwaka 1996. Utasema, si wangemwita bibi mmoja kutoka Delhi aeleze, mambo yaishe? Haingesaidia. Sheria ya Marekani wakati huo ilikubali ujuzi wa nchi za nje pale tu ulipokuwa umechapishwa au umepewa hataza. Kauli ya mdomo, hata ingetoka kwa mamilioni ya watu, haikuhesabiwa. Ikabidi Wahindi waingie maktaba. Walitoka na maandishi 32, mengine ya zaidi ya miaka mia, ya Kisanskriti, Kiurdu na Kihindi, pamoja na makala ya jarida la madaktari wa India ya mwaka 1953. Mwaka 1997 ofisi ile ikayakataa madai yote ya hataza.

Angalia vizuri kilichoshinda hapo: karatasi. Kushinda kesi si kuthibitisha kwamba manjano ni dawa ya kila kitu. Mwaka 2017 wanakemia waliopitia tafiti nyingi za kurkumini, ile rangi ya manjano yenyewe, walisema hakuna jaribio lililodhibitiwa vizuri kwa wagonjwa lililofaulu. Kwa hivyo jeraha la kina nenda hospitali, wacha ubishi.

India haikulala. Kuanzia 2001 ikajenga maktaba ya kidijitali ya tiba zake za asili, ili wakaguzi wa hataza wasome kabla ya kutoa haki. Sheria ile ya Marekani nayo ilibadilishwa mwaka 2011.

Na sisi wa pwani je? Kenya ilipitisha sheria ya kulinda ujuzi wa jadi mwaka 2016, nayo inazitaka serikali za kaunti ziweke daftari la ujuzi huo. Lakini daftari haliwezi kujijaza lenyewe, na singo, liwa na dawa nyingi za nyanya zetu ziko midomoni tu. Basi baada ya futari chukua kalamu ukae naye. Muulize: manjano kiasi gani, yanachanganywa na nini, kwa jeraha la aina gani, wakati gani hayafai, na yeye alifunzwa na nani. Andika na tarehe.