Roboti: Ugumu wa kuoanisha mwendo wa gari na mkono

KUFUNGUA mlango ni kazi ambayo binadamu huifanya bila kuiwazia. Mkono hushika kitasa, mwili hurudi nyuma hatua moja, bega hujipinda ili kuupisha mlango, kisha miguu huvuka kizingiti. Viungo vyote hivyo huongozwa kwa wakati mmoja na ubongo mmoja. Kwa roboti, kazi iyo hiyo ni mtihani ambao umewashughulisha wataalamu kwa miongo kadhaa.

Umuhimu wa mtihani huo ulidhihirika Machi 2011, wakati tetemeko la ardhi na mawimbi ya tsunami yalipoharibu kituo cha nyuklia cha Fukushima Daiichi nchini Japani. Miale hatari ilienea ndani ya majengo ya kituo hicho kiasi kwamba wafanyakazi hawangeweza kukaa humo kwa muda mrefu. Mwezi uliofuata, roboti za aina ya PackBot zilizoundwa na kampuni ya iRobot ya Marekani ziliingizwa humo kupima joto na miale. Roboti hizo husafiri kwa minyororo kama ya kifaru cha kivita, na kila moja huweza kubeba mkono wa kushikia vitu. Ilikuwa wazi kwamba roboti isiyoweza kuvuka mlango au kuzungusha vali haingekuwa na msaada mkubwa mahali kama pale.

Mashine ya namna hii ina sehemu mbili kuu. Ya kwanza ni gari, yaani chombo cha chini chenye magurudumu, minyororo au miguu. Ya pili ni mkono wa chuma wenye viungo vinavyozungushwa na mota, na mwishoni mwake kiganja au koleo.

Mikono ya viwandani ni ya tangu jadi. Ule wa kwanza, Unimate, ulianza kazi mwaka 1961 katika kiwanda cha magari cha General Motors jimboni New Jersey. Lakini mkono huo ulikuwa umefungwa mahali pamoja, na kazi ndiyo iliyoletwa mbele yake. Kuuweka mkono juu ya gari kuligeuza mambo: sasa mkono ndio unaoifuata kazi.

Njia nyingi za kufika pamoja

Ili kushika kikombe ipasavyo, kiganja kinahitaji kutimiza masharti sita: matatu ya mahali kilipo na matatu ya jinsi kilivyoelekea. Mkono wenye viungo sita waweza kuyatimiza yote. Gari likitembea sakafuni huongeza miendo mitatu: kwenda mbele na nyuma, kwenda kando, na kugeuka. Kwa hiyo roboti huwa na miendo tisa ya kutimiza masharti sita.

Ziada hiyo ni neema na ni shida pia. Ni neema kwa sababu roboti yaweza kukifikia kikombe kwa namna zisizo na idadi: kwa kusogea karibu na kukunja kiwiko, au kwa kusimama mbali na kuunyosha mkono. Ni shida kwa sababu kompyuta lazima ichague namna moja, na uchaguzi mbaya huharibu kazi.

Mkono ulionyooka kabisa, kwa mfano, hauwezi tena kusonga mbele hata kidogo. Msomaji anaweza kujaribu kusukuma meza akiwa amenyoosha mikono yote, aone jinsi nguvu zinavyokosa njia. Mwaka 1985, mtaalamu wa Japani Tsuneo Yoshikawa alitoa kipimo cha hisabati kinachoonyesha ni kwa wepesi kiasi gani mkono waweza kusogea kila upande ukiwa katika mkao fulani.

Yoshio Yamamoto na Xiaoping Yun walilitumia wazo la mkao mwema katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 1994. Kwa mujibu wa utaratibu wao, mkono huachwa uandame kazi, kisha gari husogea ili kuurudisha mkono katika mkao wenye wepesi zaidi. Ndivyo afanyavyo mtu anayepaka rangi ukuta mrefu. Hangoji mkono uishe urefu ndipo asogee, bali miguu huufuata mkono polepole.

Vikwazo vya magurudumu

Hata hivyo, si kila gari husogea litakavyo. Gurudumu la kawaida huenda mbele na nyuma lakini haliwezi kwenda kando. Dereva anayeegesha gari kati ya magari mawili mjini anaijua adha hiyo: humbidi aende mbele, arudi nyuma na kukata usukani mara kadhaa. Roboti yenye magurudumu kama hayo sharti ipange njia yake mapema, la sivyo mkono utahitaji kusogezwa upande ambao gari haliwezi kwenda. Ndiyo maana baadhi ya roboti hutumia gurudumu la Mecanum, lililobuniwa na Bengt Ilon wa Uswidi katika miaka ya 1970. Gurudumu hilo lina vigurudumu vidogo vilivyolazwa mshazari ukingoni, navyo huliwezesha gari kwenda kando bila kugeuka.

Kikwazo kingine ni makosa madogo yanayokua. Gurudumu likiteleza, gari laweza kugeuka nyuzi moja tu bila kompyuta kujua. Mkono ulionyoshwa mita mbili mbele utakosea shabaha kwa sentimita tatu na nusu, na kitasa hakitashikika. Kwa sababu hiyo roboti hutegemea kamera ili kurekebisha mkono kadiri inavyokaribia.

Kuna pia suala la mizani. Mkono unaponyanyua mzigo mzito mbali na gari, kitovu cha uzito husogea, na mashine yote yaweza kupinduka. Mvuvi anayevuta wavu akiwa ndani ya mtumbwi huujua ukweli huo: akiinama upande mmoja, mtumbwi nao huinama. Angani hali ni ngumu zaidi, kwani hakuna hata maji ya kuegemea. Japani ilirusha setilaiti ya ETS-VII mwaka 1997 ikiwa na mkono wa mita mbili. Kila mkono ulipozunguka, setilaiti nayo ilielekea kuzunguka kinyume, na ikawa lazima miendo hiyo miwili isawazishwe.

Kusimama kwanza au kwenda pamoja?

Njia ya tahadhari ni kutenganisha kazi: gari liende, lisimame, ndipo mkono uanze. Hivyo ndivyo ifanyavyo Curiosity, roboti ya shirika la NASA iliyotua katika sayari ya Mihiri Agosti 2012. Mkono wake una viungo vitano na urefu wa takriban mita mbili. Kabla ya kuukunjua, wahandisi huchunguza kama magurudumu yamekaa imara, kwa kuwa gari likiteleza huku mkono umegusa mwamba, vifaa vyaweza kuvunjika. Ujumbe wa redio huchukua dakika kadhaa kufika huko, hivyo hakuna awezaye kuuzuia mkono kwa haraka kutoka duniani.

Njia ya pili ni kuuongoza mwili mzima kwa pamoja. Hii ni ya kasi zaidi, lakini ina hatari zake. Katika mashindano yaliyoandaliwa na DARPA, taasisi ya utafiti ya jeshi la Marekani, mjini Pomona, California, Juni 2015, roboti zilitakiwa kuendesha gari, kufungua mlango, kuzungusha vali, kutoboa ukuta na kupanda ngazi. Kadhaa zilianguka chali mbele ya watazamaji. Mshindi alikuwa DRC-Hubo ya taasisi ya KAIST ya Korea Kusini, iliyomaliza kazi zote nane kwa dakika 44 na sekunde 28 na kutunukiwa dola milioni mbili. Roboti hiyo ilitembea kwa miguu ilipobidi, lakini penye sakafu sawa ilipiga magoti na kubingirika kwa magurudumu, ikawa imara mikono ikifanya kazi.

Fundisho la Pomona ni kwamba nguvu za mkono hazifai kitu pasipo msingi thabiti. Katika viwanda, kwa miaka mingi mikono ya roboti ilizungushiwa uzio ili isiwadhuru wafanyakazi. Mkono ulio juu ya gari hauna uzio. Huenda walipo watu. Hivyo basi, kabla roboti kama hizo hazijakabidhiwa wagonjwa hospitalini au wazee nyumbani, sharti gari na mkono vijue, katika kila hatua, mwenzake anafanya nini.