Hofu, Njaa na Kumbukumbu katika Pwani ya Kusini ya Kenya

Historia ya karne ya 19 katika nchi ambayo leo ni Kaunti ya Kwale, kuanzia Diani na Gazi hadi Msambweni, Shimoni na Vanga, kwa sehemu kubwa haikuandikwa na wale walioumia ndani yake. Barua za mabalozi na kumbukumbu za Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, iliyopewa hati mwaka 1888 na kuweka kituo chake kimojawapo Shimoni, zimehifadhi tarehe na vyeo, ilhali yaliyowapata Wadigo, Waduruma, Wasegeju na mateka walioletwa kutoka bara yamekifikia kizazi cha sasa kwa masimulizi ya mdomo. Masimulizi hayo hushika kwa nguvu jambo lililotisha na kulegea katika mwaka wake na mfuatano wa matukio, na kwa sababu hiyo yamewahi kudharauliwa kana kwamba si ushahidi. Elimu ya ubongo inatoa sababu ya kuyasoma kwa heshima na uangalifu zaidi.

Mkataba ambao Sultani wa Zanzibar, Barghash bin Said, alitiliana saini na Uingereza tarehe 5 Juni 1873 ulipiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari na kulifunga soko la watumwa la Unguja, lakini haukuikomesha biashara yenyewe. Kimbunga cha mwaka 1872 kilikuwa kimeiangamiza mikarafuu mingi ya Unguja huku ile ya Pemba ikisalia kwa sehemu kubwa, na mashamba ya Pemba yakawa yanadai vibarua wa bure. Kwa hiyo misafara ya mateka ikatembezwa nchi kavu kutoka Kilwa, kando ya bahari, kuelekea kaskazini, na wengine wakavushwa kwa siri hadi Pemba. Mwaka 1876 Barghash alitoa tangazo la kuizuia misafara hiyo pia, ingawa katika pwani ya Kenya utumwa haukupoteza hadhi yake ya kisheria hadi mwaka 1907.

Njaa nayo ilichangia utumwa huo. Wamijikenda, ambao Wadigo na Waduruma ni miongoni mwao, walizipa njaa kubwa majina na kuyatumia majina hayo kuhesabia miaka: Mwakisenge ya katikati ya miaka ya 1880, kisha Magunia ya mwishoni mwa karne, iliyoitwa hivyo kwa sababu ya chakula cha msaada kilicholetwa katika magunia. Katika dhiki za namna hiyo baadhi ya familia ziliweka watoto rehani, yaani ziliwakabidhi kwa wenye nafaka kama dhamana ya chakula, zikitumaini kuwakomboa mvua zikirejea. Kwa Wadigo, ambao ukoo wao ulifuata upande wa mama, mamlaka ya kumtoa mtoto yalikuwa mikononi mwa mjomba, na mtoto ambaye hakukombolewa aliweza kuishia utumwani.

Pango la Shimoni linaonyesha jinsi hofu hizo zinavyokumbukwa. Wenyeji wengi husimulia kwamba mateka walifungiwa humo wakingoja majahazi, na huonyesha vyuma vilivyopigiliwa katika mawe yake. Masimulizi mengine hulieleza kama maficho ya watu waliokimbia mashambulizi ya Wamasai, kama vile kaya, yaani makazi ya kale ya Wamijikenda misituni, ikiwemo Kaya Kinondo karibu na Diani, zilivyokuwa ngome za kujihifadhi. Masimulizi hayo mawili hayalazimiki kupingana, kwa kuwa pango moja linaweza kutumiwa na watu mbalimbali kwa nyakati tofauti. Yote mawili yanakubaliana kwamba watu waliingia humo wakiwa na hofu ya kutekwa au kuuawa.

Jinsi hofu ya namna hiyo inavyoathiri kumbukumbu huelezwa na elimu ya ubongo. Mwili wa binadamu unapokabiliwa na hatari, tezi za adrenali zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, homoni inayoharakisha moyo, na baadaye kidogo kotisoli, inayouweka mwili tayari kwa dhiki. Homoni hizi huathiri amigdala, sehemu ya ubongo inayopima hofu, nayo huimarisha uhifadhi wa tukio linaloendelea. Mwaka 1968 Bruce McEwen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walionyesha kwa kuchunguza panya kwamba homoni ya jamii ya kotisoli hunaswa pia katika hipokampasi, sehemu inayounganisha tukio na mahali pake na wakati wake. Hipokampasi hudhoofishwa na msongo unaodumu, na ndiyo maana kiini cha tishio huweza kubaki kikali huku mazingira yake yakififia.

Watu hawaathiriki kwa kiwango kimoja. Mwaka 2007 kundi la watafiti lililoongozwa na Dominique de Quervain wa Chuo Kikuu cha Zurich lilichapisha utafiti kuhusu jeni ya ADRA2B, ambayo hubeba maelekezo ya kutengeneza kipokezi kimojawapo cha noradrenalini, homoni iliyo ndugu wa adrenalini. Waswisi wenye aina fulani ya jeni hiyo walikumbuka zaidi picha zenye kugusa hisia, na miongoni mwa Wanyarwanda walionusurika mauaji ya kimbari na kuishi ukimbizini Uganda, wenye aina hiyo hiyo walirudiwa zaidi na kumbukumbu za mateso bila kuzitaka. Utafiti mwingine wa mwaka 2014 kwa wanaume walionusurika mauaji hayo ulihusisha alama za kikemikali zinazobandikwa juu ya jeni ya kipokezi cha kotisoli na ukali wa kumbukumbu za namna hiyo.

Matokeo hayo hayana maana kwamba mtoto wa Msambweni amezaliwa akikumbuka mnyororo wa babu yake, kwa sababu jeni huathiri namna mtu anavyohifadhi tukio lililompata mwenyewe, wala hazibebi habari ya tukio lenyewe. Habari hubebwa na wasimulizi, na yale waliyoyapokea yaliumbwa kwanza katika ubongo wa mtu aliyekuwa katika hofu. Mwanahistoria anayelijua hilo hatamkataa mzee wa Shimoni kwa kuwa amekosea mwaka. Atautafuta mwaka katika nyaraka, na atamsikiliza mzee kuhusu jambo ambalo mwandishi wa kampuni hakuwa na sababu ya kuliandika, yaani maumivu ya aliyetekwa na ya mama aliyemwona mwanawe akitolewa rehani. Bila ushahidi huo, historia ya utumwa katika pwani ya kusini itabaki historia ya mikataba na matangazo tu, na waliotumikishwa watakuwa wamenyimwa haki kwa mara ya pili.