Picha 36 za kampasi changa

Wadau, nilipanda Sumbawanga na Zenit ya mzee begani. Ni kamera ya mkanda: picha 36 tu, ukikosea umekosea. Nilienda kupiga kampasi ya Rukwa ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST).

Rafiki akanicheka: "Kampasi changa hiyo, historia iko wapi?"

Nikamkumbusha Dar. Chuo kikuu chetu cha kwanza kilianza Oktoba 1961 kwa kufundisha sheria katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Kilihamia Mlimani 1964, kikawa chuo kikuu kamili Julai 1970. Ukumbi wa Nkrumah wa Mlimani uliwahi hata kuchapwa kwenye noti ya shilingi 500. Darasa la Lumumba je? Wangapi kati yetu tumewahi kuona picha yake?

Ndiyo maana nilipiga wanafunzi na masweta yao katika baridi ya Ufipa. Picha za simu hupotea na simu. Negativu ikitunzwa pakavu, wajukuu wataisafisha.

Na wewe, mzazi wako alisoma Mlimani? Fungua lile sanduku chini ya kitanda kabla mchwa hawajalifungua.