Moshi wa Jikoni na Samaki wa Baharini: Ofisi Zilipokaa Jamvi Moja Saadani

Leo tufunge safari fupi, tuvuke maji twende Mrima. Bagamoyo iko ng'ambo tu ya Unguja, na ukipanda na pwani kuelekea kaskazini, ukauvuka mto Wami, unafika Saadani. Mababu zetu waliijua njia hii kwa jahazi, wakisafirisha chumvi, nazi, boriti za mikoko na, kwa masikitiko, watu pia.

Skuli tulisomeshwa Bagamoyo ya misafara ya pembe, ya wamishionari waliofika mwaka 1868, na ya Wajerumani walioifanya makao yao makuu kabla ya kuhamia Dar es Salaam mwaka 1891. Hiyo tunaijua. Mimi nakuleteeni historia ya juzi juzi tu, isiyo na msafara wala bendera. Mhusika wake ni mama na mafiga yake matatu.

Mama mmoja, mafaili manne

Mfikirie mama wa kijiji kimoja huko kaskazini ya Wami. Alfajiri anakwenda kuni. Msitu uliokuwa nyuma ya nyumba sasa uko mbali, au uko ndani ya mpaka wa hifadhi. Mumewe amekwenda dago, kwenye kambi ya wavuvi, na mwezi huu samaki hawakuonekana. Mtoto anakohoa, kwa sababu jikoni hamna dirisha na mama anapika naye mgongoni. Tumboni mna mwengine, na huyu wa mgongoni hajaacha ziwa. Masika ikinyesha barabara inakatika, na hospitali iko mjini.

Kwake yeye haya yote ni jambo moja, linaitwa maisha. Lakini serikalini na kwa wafadhili ni mafaili manne. Kuni ni za bwana misitu. Samaki ni wa bwana samaki. Mimba na kikohozi ni vya nesi. Tembo anayevunja mihogo ni wa bwana nyama. Kila mmoja anakuja na gari yake, siku yake na mkutano wake, na kila mkutano mama anaacha kinu anakwenda kukaa chini ya mwembe.

Tena hapo Saadani neno "mazingira" lilikuwa na uchungu wake. Eneo lilitengwa kuwa pori la akiba miaka ya 1960, na mwaka 2005 likawa Hifadhi ya Taifa, kiasi cha kilomita za mraba 1,100, ambapo tembo hufika karibu na mchanga wa bahari na kasa hutaga Madete. Uzuri wake hausemeki. Lakini wenyeji wa kitongoji cha Uvinje walivutana na hifadhi miaka mingi juu ya mpaka na ardhi ya wazee wao. Mtu wa namna hiyo ukimwambia "tunza mazingira", yeye anasikia "hama".

Walipokaa jamvi moja

Mwaka 1997 ulianza mpango wa ushirikiano wa kusimamia pwani ya Tanzania, maarufu kwa kifupi TCMP. Walioungana ni Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC), Chuo Kikuu cha Rhode Island cha Marekani, na shirika la misaada la Marekani, USAID, lililotoa fedha. Mwanzoni mazungumzo yalikuwa ya bahari na mikoko. Lakini ukikaa na wavuvi utasikia na mengine. Kwenye madago mna vijana walio mbali na nyumbani, wenye fedha ya leo leo mkononi, na Ukimwi ulikuwa ukipita humo. Mvuvi anayezikwa hawezi kulinda matumbawe. Na mjane aliyeachiwa yatima hatoacha kukata mkoko kwa sababu ya bango lililobandikwa ukutani.

Kwa njia hiyo afya ikaingia kwenye kazi ya bahari. Mwaka 2008 ulianza mradi ulioitwa BALANCED, ukiongozwa na chuo hicho hicho cha Rhode Island pamoja na Conservation International na PATH Foundation ya Ufilipino. Utauliza, Ufilipino na Mrima wapi na wapi? Wale ni watu wa visiwa kama sisi. Tangu mwaka 2001 walikuwa wakifanya jaribio katika vijiji vya wavuvi huko Palawan: sehemu moja walipeleka huduma za uzazi peke yake, sehemu nyengine utunzaji wa pwani peke yake, na sehemu ya tatu vyote pamoja. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba pale vilipokwenda pamoja, watu na bahari walinufaika zaidi. Somo hilo ndilo lililoletwa katika vijiji vya Pangani na Bagamoyo vinavyoizunguka Saadani.

Kazi yenyewe haikuwa na maajabu. Majirani walifundishwa kuwa waelimishaji rika, wakazungumza na wenzao kuhusu samaki, miti na uzazi katika kikao kimoja. Mgawaji wa kijijini aliweka vidonge vya uzazi na kondomu karibu na watu, ili mama asingoje mpaka barabara ikauke. Wenye maduka nao wakaingizwa. Yakatumika makundi ya kuweka na kukopa, maana ndipo wanawake wanapokutana kwa hiari yao. Na likaja jiko banifu.

Nisimame kidogo kwenye jiko, maana hili tunalielewa bila ya kufafanuliwa. Mafiga matatu yanaacha moto wazi, na joto jingi linakwenda na upepo. Jiko banifu linauzungushia moto ukuta wa udongo, joto linabaki chini ya chungu, na kuni zinapungua. Kuni zikipungua, safari za msituni zinapungua, na bwana misitu anafurahi. Moshi ukipungua, kifua cha mtoto kinapumua, na nesi anafurahi. Mama naye anapata saa zake mbili tatu za kulima au kupumzika. Jiko moja limegusa mafaili karibu yote, na halikuuliza ni la wizara ipi.

Si kwamba kila mtu alilipokea jambo hili kwa mikono miwili. Ukichanganya hifadhi na uzazi wa mpango, wasiwasi mmoja unakuja wenyewe: wanataka sisi tuzae kidogo ili wanyama waongezeke? Ni swali la haki, hasa kwa watu waliokwisha kugombana na mpaka. Kwangu mimi jibu liko kwenye mpangilio wa maneno. Ukianza na tembo, umeshashindwa. Ukianza na mama, na mapumziko ya mwili wake kati ya mtoto na mtoto, kila bibi atakuelewa, kwa sababu bibi zetu walikuwa wakisema mtoto anyonye miaka miwili kabla ya mwenziwe kuja.

Mfuko ulipofungwa

Mwaka 2013 mradi ulimalizika. Lakini fikra haikufa. Leo inaitwa Afya Moja, na tangu mwaka 2018 ina dawati lake katika Ofisi ya Waziri Mkuu, linalowakutanisha madaktari wa watu, madaktari wa mifugo na watu wa mazingira. Ugonjwa wa Marburg, ambao chanzo chake ni popo, ulipozuka Kagera mwaka 2023, ilionekana wazi kwa nini wakutane. Na ile habari ya jiko imepanda mpaka Ikulu: mwaka 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya wananchi waifikie ifikapo 2034. Si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano.

Lakini nanyi mmesikia. Tarehe 1 Julai 2025 USAID ilifunga milango yake rasmi. Mfuko uliolipia vikao vya Saadani, na mingapi mengine, haupo tena. Hapa ndipo historia hii inapotuuma, maana jamvi tulilokalia pamoja lilikuwa la kuazima.

Basi tujiulize: mwenye jamvi akilichukua, tutarudi kwenye mafaili manne? Naona si lazima. Mama aliyefundishwa kufinyanga jiko la udongo hangoji barua kutoka Washington ili amfundishe shoga yake. Lakini vidonge havifinyangwi kwa udongo, na barabara haitengenezwi na kikundi cha kukopeshana. Hivyo vinataka bajeti ya halmashauri, na bajeti inataka watu wa kuidai mkutanoni, nasi wanawake tuwemo.

Siku bwana samaki au nesi atakapokuja shehiani kwako au kijijini kwako, muulize kwa adabu tu: mwenzako yuko wapi? Mwakani njooni pamoja.